DEREVA WA TRELA LA BLUU KANIPIGIA HONI USONI SAA TISA USIKU, MTOTO YUKO MGONGONI!!!

Mama_Wawili_Malaba:

Jamani sijalala. Hapa ni saa kumi na moja alfajiri naandika na mkono mmoja, mwingine unampapasa mtoto ambaye tangu saa tisa anashtuka kila dakika utadhani ameona chui. Watu wa Malaba upande wetu wa Uganda mnamjua huyu mtu, jina simtaji, yule wa trela la bluu lenye taa nyekundu za disko chini ya bampa, anayeacha barabara kuu na maegesho yote anakuja kupaki kwenye kinjia chetu cha murram kwa sababu ana mtu wake nyumba ya tatu. Huyo huyo.

Nimemwendea saa tisa usiku. Sikwenda na matusi, sikwenda na panga, nimekwenda na leso na mtoto mgongoni, nikagonga mlango wa lori polepole nikasema mzee pole na safari, naomba uzime injini, mtoto ana homa. Akateremsha kioo. Kijiti cha meno mdomoni. Akaniangalia mimi, akaangalia mtoto, akavuta HONI. Ile ya upepo! Ya kufukuzia ng'ombe barabarani! Akaishikilia huku ananitazama machoni na kijiti hakikuanguka. Banange, wafu waligeuka upande wa pili, ng'ambo kule Kenya wakadhani treni imekatika breki, kuku wa mtaa mzima wakawika wakijua kumekucha na kuna jogoo mmoja hajanyamaza mpaka sasa. Halafu ndio akasema, "Mama, nenda ukalale."

NIKALALE WAPI?

Kutoka ukuta wangu mpaka tairi lake ni hatua sita, nimezihesabu kwa miguu yangu. Ile injini ikinguruma vifuniko vya sufuria vinagongana kwenye rafu, neti inatetemeka, maji kwenye kikombe yanapiga mawimbi kama Ziwa Victoria. Nepi nilizoanika jioni zimenuka dizeli, nimezifua upya zote. Na si lori la friji useme samaki wataoza, limebeba mabati! Mabati yanahitaji injini iwake usiku kucha? Juzi kageuza hapo akapasua bomba la maji, tukachota kwa jerikeni siku tatu, yeye hata sorry hakusema. Lakini bomba nilimsamehe. Honi simsamehei. Mtoto wa miezi saba, homa inamchoma, uso wake uko hapa begani kwangu, mtu mzima mwenye mvi anamwangalia kabisa halafu anavuta honi?

Nimekwenda kwa mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji, nikamwamsha, kaniambia niandike barua. Barua! Barua itasikika kuliko hiyo honi? Na yeye anaishi pale pale, ameisikia, mke wake ametoka nje na tochi!

Mtu aniambie kama mimi ndio nimekosea. Kijiti cha meno mdomoni, jamani. "Nenda ukalale."

---

Boda_wa_Stage: Huyo namjua 😂😂 honi yake ilinitupa mtaroni mwaka jana na abiria wawili na debe la nyanya. Nyanya hakulipa.

Achieng_wa_Soko: Pole mama. Huyo hata sokoni anapita akiipiga wakati barabara iko wazi, ni ugonjwa. Mtoto anaendeleaje?

Mama_Wawili_Malaba: Homa imeshuka kidogo lakini mlango ukigongwa tu analia. Mlango tu!

Kijana_Osukuru: Lakini mama na wewe, saa tisa usiku unatoka na mtoto mgonjwa kwenda kugonga lori la mwanaume? Baba watoto alikuwa wapi? Ungemtuma yeye.

Mama_Wawili_Malaba: Baba watoto yuko kazini Kampala. Na angekuwepo, honi ingekuwa halali?

Achieng_wa_Soko: Osukuru nyamaza, wewe kwenu hata panya akipita unamwita mama yako.

Mtu_wa_Kanuni: Sheria ipo ndugu zangu. Kanuni za kelele za mwaka 2003, chini ya sheria ya mazingira, ziliweka nyumba za kuishi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku ulihesabiwa kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. 35 ni kama watu wanaonong'ona. Honi ya upepo ukiwa karibu inapita 100. Halafu trela na mzigo wake Afrika Mashariki linaruhusiwa kufika tani 56, huo ni uzito wa barabara kuu, sio wa njia ya murram iliyopitishiwa bomba la plastiki. Mama andika tarehe na saa kila akija, andika namba ya gari, peleka kwa afisa mazingira wa wilaya kule Tororo na nakala polisi. Hiyo barua ya mwenyekiti usiidharau, ndio inaanza faili.

Mama_Wawili_Malaba: Asante nitaandika. Lakini hizo desibeli nani atakuja kuzipima saa tisa usiku? Mimi kipimo changu ni huyu mtoto.

Dereva_Usiku: Sasa nisikilizeni na mimi. Huyo aliyepiga honi alikosea, simtetei. Lakini nyinyi watu wa mpakani mnatuona madereva kama wanyama. Nimetoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900 mpaka hapo Malaba, foleni nimeikaa, mgongo umekufa. Ukipaki barabara kuu ukazima injini ukalala, unaamka betri hakuna, dizeli imenyonywa kwa mpira, turubai limechanwa. Tajiri anakata mshahara. Injini ikiwaka mwizi anajua kuna mtu macho, ndio askari wangu huyo. Januari 2022 wakati wa vipimo vya korona tulilala barabarani upande wa Kenya siku nyingi, hakuna choo, hakuna maji ya kuoga, nani alitulilia?

Mama_Wawili_Malaba: Dereva, wewe ulimpigia mtoto wangu honi? Hapana. Basi pole kwa foleni na pole kwa betri, sina ugomvi na wewe. Mimi nina ugomvi na mmoja tu, na aliangalia mtoto kwanza KABLA ya kuvuta. Ningesema hakumwona ningelala.

Boda_wa_Stage: Dereva na sisi boda je, mnatusukuma nje ya lami kila siku?

Dereva_Usiku: Nyinyi mnapita kushoto bila taa, mmebeba kitanda na mbuzi, mnataka tuwaone na nini?

Nyabo_Busia: Honi moja usiku mmoja mnalia hivi? Njooni Busia muone. Nyuma yangu kuna baa, spika zimegeuzwa dirishani kwangu, Alhamisi mpaka Jumatatu, nyimbo nazijua kwa mpangilio. Mbele yangu kuna mashine ya kusaga unga inaanza saa kumi na mbili kamili. Nalala saa ngapi?

Mbale_Wa_Chini: Sisi Mbale mwaka wa imbalu, tohara yetu ya vijana, ngoma ya kadodi inapita mlangoni mchana kutwa na usiku na hatulalamiki.

Nyabo_Busia: Hiyo ni mila na inakuja kila miaka miwili. Baa ni mila ya nani?

Mzee_wa_Nagongera: Nyinyi nyote mna raha. Huku kwetu kuna kizindaalo, spika imefungwa juu ya mti mrefu imeelekea kitanda changu. Saa kumi na moja alfajiri inaanza: fulani amefiwa, shule inataka karo, dawa ya minyoo imefika, mbuzi amepotea. Tangazo la minyoo nimelisikia mpaka tumbo limeanza kuuma. Nina miaka 71, usingizi wangu wenyewe ni mchache.

Achieng_wa_Soko: Mzee usiitukane hiyo spika, mbuzi wa shangazi yangu alipatikana kwa tangazo la hiyo hiyo ya Nagongera.

Kijana_Osukuru: Alipatikana au alirudi mwenyewe?

Achieng_wa_Soko: Alipatikana! Mtu alisikia akamfungua akamleta. Jike jeusi, sikio moja limekatwa.

Mama_Wawili_Malaba: Jamani, tulikuwa kwenye honi. Ameamka sasa hivi, anapasha injini, moshi wote unaingia ndani. Mwenye namba ya afisa mazingira Tororo anitumie inbox.

Mzee_wa_Nagongera: Ngoja. Jeusi, sikio limekatwa la kushoto au la kulia?

Achieng_wa_Soko: Kushoto. Kwa nini?

Mzee_wa_Nagongera: Kwa sababu huyo ni mbuzi wangu. Nilimpoteza mwezi wa tatu na tangazo nililipia mimi.

Boda_wa_Stage: Eeeh! Shangazi anaishi wapi?

Achieng_wa_Soko: Mzee mbuzi wenye sikio lililokatwa ni wengi.

Mzee_wa_Nagongera: Ana alama nyeupe kwenye goti la mbele? Jibu hapo kwanza.