Mrejesho: Josh Hader na Houston Astros

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo timu ya besiboli ya Houston Astros ilipaswa kumsajili Josh Hader, mrushaji wa kufunga mchezo aliyekuwa huru, ilhali tayari ilikuwa na Ryan Pressly katika nafasi hiyo hiyo. Januari 2024 ilimpa Hader mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 95, na Pressly akarudishwa awamu ya nane, kabla ya ile ya tisa ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho na ndiyo ya mfungaji mchezo. Wengi mlisema fedha hizo ni nyingi mno kwa mtu anayerusha awamu moja tu, hoja ambayo bado naiona nzito, kwani msimu huo Hader alilinda ushindi mara 34 lakini pia akaandikiwa kushindwa mechi 8. Hata hivyo, Kendall Graveman, mrushaji mwingine wa akiba wa Astros, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega, na Pressly mwenyewe alihamia Chicago Cubs Januari 2025; bila Hader, sijui awamu ya tisa wangemkabidhi nani.