Nani Atakaa na Imani Jumamosi: Gumzo la Kikundi cha Familia ya Muheza

JUMATANO

Shangazi Zuhura, saa 1:10 asubuhi
Assalaam alaykum wanafamilia. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu hadi mwisho kabla ya kujibu. Imani yuko darasa la nne na upimaji wa kitaifa unakaribia. Kama mjuavyo, mtaalamu wa elimu maalumu alithibitisha kwamba ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, na sasa kinachomliza si kusoma peke yake bali tebo za kuzidisha, ambazo mwalimu wake anataka zikaririwe kwa sauti mbele ya darasa zima. Nataka leo tukubaliane nani atakaa naye kila Jumamosi. Nasubiri majina.

Shangazi Zuhura, saa 6:45 mchana
Naona wengi wameusoma ujumbe na hakuna aliyejibu.

Mjomba Athumani, saa 7:02 mchana
Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nitamfundisha tebo la moja, na nikiandaliwa pilau nitaongeza la kumi.

Mwanaidi, saa 7:04 mchana
Mjomba, pilau ya Idi ulikula sahani ngapi? Tungeifanyia hesabu ya kuzidisha.

Mjomba Athumani, saa 7:05 mchana
Ile haikuwa pilau, ulikuwa wali wenye matumaini. Muulizeni aliyeipika.

Shangazi Zuhura, saa 7:20 mchana
Mjomba, kwa heshima zote, pilau tutaizungumza siku nyingine. Wifi, tafadhali waeleze wewe mwenyewe.

Mama Imani, saa 10:15 jioni
Shikamooni wakubwa. Imani akiulizwa saba mara sita bila kuharakishwa, hupata jibu kwa njia zake mwenyewe, lakini akitakiwa kukariri tebo la saba kuanzia mwanzo, akifika katikati hupotea, hajui kama amekwisha kutaja ishirini na nane au bado, na inambidi arudi mwanzo huku wenzake wakimcheka. Wakati mwingine hutamka arobaini na mbili kisha huandika 24. Juzi mwalimu alimwambia kwamba ni mvivu. Mimi ninayeshinda naye mezani hadi usiku najua kwamba hakuna mtoto anayefanya bidii kumpita.

Kaka Rashidi, saa 12:30 jioni
Nawasalimu. Mimi kama baba yake naona tunalikuza jambo hili. Sote tulikariri tebo tukazijua. Nimemrekodia tebo zote kwenye simu azisikilize kila usiku, na nimebandika chati ukutani. Tukimlegezea leo, katika chumba cha mtihani hakuna atakayemlegezea.

Hamisi, saa 12:41 jioni
Kaka, unaposema sote tulikariri, unamsema nani? Mimi nilichapwa viboko kwa tebo hilohilo la saba, nawe ulikuwa dirishani na wenzako wa darasa la juu. Nilipoacha shule mlisema kichwa changu ni kizito. Habari ya ile baiskeli siitaji hapa, wanaoijua wanaijua.

Kaka Rashidi, saa 12:43 jioni
Baiskeli inahusianaje na hesabu za mtoto?

Hamisi, saa 12:44 jioni
Inahusiana sana.

Shangazi Zuhura, saa 12:50 jioni
Nawaombeni nyote wawili mnyamaze. Salma, wewe ni mwalimu na umesoma Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu. Nimekutaja kwa jina ili usiseme hukuona.

Binamu Salma, saa 4:35 usiku
Samahanini, nilikuwa nasahihisha madaftari. Shikamoo Shangazi Mkubwa, na wote mlionitangulia. Kaka Rashidi, naomba univumilie, kwa sababu nasema kwa nia njema. Kukariri tebo kwa mfululizo kunategemea uwezo wa kushika maneno kichwani kwa mpangilio kwa muda mfupi, na hapo ndipo watoto wengi wenye disleksia hulemewa, hata wale wenye akili kali. Profesa Miles wa Chuo Kikuu cha Bangor, kule Wales, aliweka ukariri wa tebo la sita, la saba na la nane miongoni mwa vipengele vya kipimo chake cha disleksia, kwa kuwa aliona watoto hao wanavyopotea katikati. Kwa hiyo kumrudishia Imani rekodi ileile kila usiku ni kumdai kwa kile hasa asichokuwa nacho. Hali hii pia mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na Hamisi ananielewa.

Binamu Salma, saa 4:52 usiku
Njia ninayoipendekeza ni kumpunguzia mzigo kwanza. Tebo kuanzia moja hadi kumi zina majibu 100. Ukiondoa la moja, la mbili, la tano na la kumi, ambazo Imani anazimudu, yanabaki 36, na akishaona kwamba tatu mara nane ni sawa na nane mara tatu, yanabaki 21 tu. Hayo apewe mawilimatatu kwa wiki, siyo yote kwa pamoja. Apange vizibo vya soda kwa safu, aviguse, aone kwamba safu saba za sita zina safu tano ambazo ni 30 na safu mbili ambazo ni 12, jumla 42. La nne ni kuongeza maradufu mara mbili: saba, kumi na nne, ishirini na nane, akiongeza maradufu tena amepata la nane, yaani 56. La tisa achukue la kumi na kupunguza: tisa mara saba ni 70 kutoa 7. Akisahau jibu, awe na njia ya kulifikia, na asipimwe kwa saa kabla hajawa tayari.

Mama Imani, saa 4:58 usiku
Mungu akubariki, wifi yangu. Nimesoma nikalia.

ALHAMISI

Mjomba Athumani, saa 2:05 asubuhi
Vizibo nitaleta mimi, na hili nalisema bila utani.

Mwanaidi, saa 3:30 asubuhi
Bibi amenituma niandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Nimesomewa yote. Mimi sikukaa darasani, lakini nimeuza machungwa kwa mafungu miaka mingi na hakuna aliyenipunja. Aliyekuwa akinipangia mafungu ni Hamisi, naye alijua jumla kabla sijamaliza kuhesabu, akiwa mtoto huyohuyo mliyemwita mzito. Imani asichapwe wala asichekwe kwa sababu ya hesabu, na neno hilo mwalimu wake alisikie kutoka kwa Rashidi mwenyewe. Atakayekaa naye ni Hamisi, na Salma amwelekeze. Habari ya baiskeli ije kwangu Muheza, isiandikwe humu tena."

Kaka Rashidi, saa 5:12 asubuhi
Nimesikia, Mama.

Shangazi Zuhura, saa 5:15 asubuhi
Ahsante, Mama. Basi imekuwa hivi: Hamisi, Jumamosi saa 3 asubuhi, nyumbani kwa Rashidi. Rashidi, unakwenda shuleni lini? Salma, andika yale majibu 21 kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa.

Binamu Salma, saa 9:40 alasiri
Karatasi nitaituma kesho. Hamisi, unaweza kunipigia jioni?

Kaka Rashidi, saa 11:20 jioni
Shuleni nitakwenda wiki ijayo, nikipata ruhusa kazini.

Shangazi Zuhura, saa 2:10 usiku
Hamisi, ujumbe umeusoma. Bibi anauliza jibu lako.

Hamisi, saa 4:48 usiku
Mtoto nitakaa naye, nampenda. Ila Jumamosi nina injini ya mteja mezani, na nyumbani kwa Kaka siendi. Imani aje gereji.

Mama Imani, saa 4:50 usiku
Mimi nitamleta.

Kaka Rashidi, saa 4:55 usiku
Gereji kuna kelele nyingi mno. Tuzungumze kwanza.

Shangazi Zuhura, saa 4:56 usiku
Mzungumze kesho kabla ya saa 6 mchana, nami nitampigia kila mmoja. Mjomba, vizibo viko wapi?