Tupeane uzoefu: nani humu amewahi kumchora, kumshona au kumuigiza Nightcrawler?

MkiaBluu (Kampala): Wadau habari zenu. Mimi huyu jamaa wa X-Men, lile kundi la mashujaa wa komiki za Marekani, alinishika kwenye kibanda cha video, VJ (yule anayetafsiri filamu papo hapo) anapiga kelele kwa Kiganda huku jamaa anapotea kwa moshi na kutokea nyuma ya walinzi wa Ikulu ya Marekani, ile filamu ya 2003. Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba alianza 1975, Len Wein akiandika na Dave Cockrum akichora, jina lake Kurt Wagner, Mjerumani, mcheza sarakasi, sura ya shetani na mkia juu yake, ila Mkatoliki wa kusali kabisa. Mimi nimeshona vazi lake. Kazi ni mikono, maana ana vidole vitatu tu kila mkono, kwahiyo nilichukua glavu za mtumba pale soko la Owino nikashonea pamoja cha shahada na cha kati, halafu cha pete na cha mwisho, gumba nikaliacha huru. Ukizivaa hata soda hufungui. Nyie je?

Mtoto_wa_Kambi (Gulu): Sie tulimpiga video kwa simu. Simu unaiegemeza kwenye tofali isitikisike hata kidogo, mtu anasimama, unarekodi, anatoka, unarekodi tena pale pale patupu, ukiunganisha anapotea. Moshi ni poda ya mtoto, mdogo wangu anairusha toka chini. Kinachosumbua ni jua bana, wingu likipita katikati kivuli kinaruka na kila mtu anaona umekata.

DadaBusia: Mimi naandika hadithi. Na raha yake ni kwamba huyu ana masharti, sio anajiendea tu. Lazima aone anakokwenda au apajue, la sivyo anaweza kutokea ndani ya ukuta, na akibeba mtu anachoka vibaya. Halafu kwenye komiki anaruka mbali zaidi kaskazini-kusini kuliko mashariki-magharibi, kama maili 3 kwa 2 hivi, mambo ya sumaku ya dunia. Sasa mpeleke Uganda: Kampala kwenda Gulu afadhali, Busia kwenda Kasese atafika ulimi nje. Kwenye hadithi yangu amekwama Old Taxi Park, kile kituo cha teksi za abiria Kampala, saa kumi na moja jioni, abiria wamembana, haoni mbele, amebeba mama mjamzito. Anafanyaje? Anapanda juu ya paa la teksi kwa mkia kwanza, ndo aone.

Mtoto_wa_Kambi: Hapo kwa paa umenimaliza dada 😂

Kalamu_Nyeusi (Jinja): Nilimchora amepiga magoti na rozari, mama akaona mkia akataka kuchoma daftari. Nikamwambia mama tazama mikono imeshika nini. Alitazama muda mrefu, akasema basi mchoree viatu. Nikakataa, miguu ya vidole viwili ndo utamu wenyewe.

Afande_Mstaafu: Vijana, akipotea anaacha harufu ya salfa. Washeni njiti chache za kiberiti kabla hajatokea jukwaani, watazamaji watashtuka wenyewe. Ila mbali na hiyo poda.

DadaBusia: Shikamoo afande! Hiyo naiandika leo leo.

Kalamu_Nyeusi: MkiaBluu, mkia unasimamaje? Wangu unaning'inia tu.

MkiaBluu: Waya mnene wa ndani, sponji ya godoro kuuzungushia, kitambaa juu. Usifunge kwenye suruali, itavuka. Funga kwenye mkanda wa ndani, kiunoni kabisa, na ile ncha ya pembetatu kata kwenye ndala kuukuu.