Faili ya 9ter ya mtoto mwenye mukovisidozi: barua kutoka Goma

Mama Baraka, Liège

Ndugu zangu, nawasalimu. Karani wa komine (ofisi ya mji) amenirudishia faili ya 9ter, yaani ombi la kibali cha kukaa Ubelgiji kwa sababu ya ugonjwa, ya mtoto wangu mwenye mukovisidozi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito, akisema kwamba cheti cha daktari kimepita miezi mitatu na kwamba hakuna maelezo kuhusu matibabu huko kwetu. Kipimo cha jasho kilionyesha kloridi (chumvi) zaidi ya milimoli 60 kwa lita, kiwango cha ugonjwa huu, kikarudiwa, kikasema vilevile. Kinezi, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, huweka viganja viwili kifuani mwake na kufuata pumzi, akibana polepole kila anapoitoa, mpaka makohozi yanayonata kama ulimbo yapande na kutoka. Daktari aliyemfuatilia Goma yuko tayari kuandika barua, lakini tangu ndege zilipoacha kutua huko Januari 2025 hana njia ya kuileta ila picha ya simu. Je, picha inakubaliwa, au wanataka karatasi yenyewe yenye muhuri?

Papa Amani, Bruxelles

Mama Baraka, komine haipokei 9ter. Faili hutumwa kwa posta, kwa rekomande (barua iliyosajiliwa), moja kwa moja OE, ofisi ya wageni, na komine huingia baadaye kuthibitisha kwamba unaishi pale unaposema. Cheti kiandikwe kwenye fomu yao, kitaje ugonjwa, uzito wake na matibabu yanayohitajika, na kisiwe kimezidi miezi mitatu siku ya kutuma. Ukipita hatua ya kwanza utapewa karti ya rangi ya machungwa, ya kukaa kwa muda. Wakati unangoja, omba AMU (msaada wa matibabu ya haraka) kwenye CPAS, ofisi ya msaada wa jamii, matibabu yasikatike.

Mama Neema, Namur

Pole sana, mama. Wangu alitibiwa pumu Bukavu kwa muda mrefu, mpaka daktari mmoja wa hapa alipogundua kwamba sauti ya filimbi inasikika upande wa kulia peke yake. Walimlaza usingizi, wakapitisha kamera kooni, wakatoa kipande cha karanga kilichokuwa kimeziba mrija wa pafu. Kwa hiyo nawasihi wazazi wasikubali kila kikohozi kiitwe pumu.

Papa Amani, Bruxelles

Mama Neema, tunashukuru, lakini karanga ikitolewa mtoto anapona. Mukovisidozi ni ya kurithi: baba na mama, wakiwa wazima kabisa, kila mmoja hubeba jeni moja yenye kasoro, ile iitwayo CFTR, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa. Tusichanganye mambo mbele ya mtu mwenye faili mkononi.

Dada Furaha, Antwerpen

Papa Amani, hakuna aliyechanganya. Mama alieleza yaliyompata. Ninachotaka kuongeza ni kwamba wengi wetu tuliambiwa huu ni ugonjwa wa wazungu, na si kweli. Waafrika wana mabadiliko yao ya jeni, na kipimo kinachotafuta yale ya Ulaya tu kinaweza kuyapita bila kuyaona. Watoto wachanga wa Flanders wanapimwa tangu 2019, na wa upande wa wanaosema Kifaransa tangu 2020, lakini aliyezaliwa Goma anafika hapa ameshatibiwa kifua kikuu na utapiamlo. Kule Birere, mtaa wa Goma, mtoto akikohoa tunasema ni moshi wa makala (makaa), ni vumbi la mawe ya volkano ya Nyiragongo. Bibi akimbusu na kuonja chumvi kwenye paji la uso anadhani ni joto. Nalikumbuka vumbi hilo, na ninaukumbuka mji. Lakini hata vita vikiisha leo, mtoto huyu anahitaji enzimu (dawa ya kusaga chakula) kila anapokula, na mashine ya kuvuta dawa inahitaji umeme usiokatika. Maelezo hayo yaandikwe kwenye faili, kwa sababu watauliza kama matibabu yapo kwetu na kama mtu wa kawaida anaweza kuyalipia.

Papa Amani, Bruxelles

Hapo nakubaliana nawe, dada. Mama Baraka, mwombe daktari wa mapafu aandike jina la kila dawa na kitakachompata mtoto akiikosa, kisha uitunze vizuri risiti ya rekomande yenye tarehe.