Bendi ya Clan of Xymox walifikaje lebo ya 4AD? Na sauti yao hupatikana vipi?

Kiza_Totoro: Wakuu, kuna anayedai Clan of Xymox walichukuliwa na lebo kubwa kabla hawajatoa chochote. Kweli? Pili: bendi ya watu 2 yenye gita, besi, sinthesaiza na mashine ya ngoma ifanyeje isisikike kama karaoke?

Santuri45: Si kweli. Ronny Moorings na Anka Wolbert walikutana Nijmegen, Uholanzi, 1981. Mwaka 1983, wakijiita Xymox tu, walijitolea wenyewe santuri fupi ya Subsequent Pleasures, nakala 500. Baadaye Brendan Perry wa Dead Can Dance, bendi ya 4AD, akawaalika kufungua maonyesho yao Uingereza, ndipo mlango wa 4AD ukafunguka. Albamu ya kwanza ikatoka 1985, Pieter Nooten naye akiwa mwanabendi, kisha Medusa 1986. Na 4AD haikuwa lebo kubwa, ilikuwa huru. Kubwa ni PolyGram, walikofika 1989.

Fundi_Mawimbi: Karaoke inaletwa na ngoma isiyobadilika. Weka mapigo 120 kwa dakika, kiki (ngoma ya mguu) pigo la 1 na 3, snea (ngoma yenye mlio mkali) la 2 na 4, kisha kila baa 8 (baa moja ni mapigo 4) ondoa kiki au badili toazi. Usiongeze vyombo, punguza.

Besi ipigwe kwa kipiki (kidude cha kupigia nyuzi), juu shingoni, iwe ndiyo melodi. Chini yake sinthesaiza ishike noti ya msingi. Zikigombana, kwenye gita la besi kata sauti za chini ya Hz 120 (mitetemo kwa sekunde). Wengi hukata sinthesaiza, halafu wanashangaa wimbo umekosa kifua.

Ekoo ya gita: 60,000 gawa kwa 120 unapata milisekunde 500 kwa pigo. Robo tatu yake, 375, ndiyo inayokimbia katikati ya mapigo bila kuyafunika.

Kiza_Totoro: Shukrani mkuu. Korasi (ifekti ya kunenepesha sauti) kwenye besi nimeweka ya stereo, nene sana kwenye hedifoni, ila kwenye spika ya simu inayeyuka.

Fundi_Mawimbi: Kushoto na kulia zinapingana, zikiunganishwa mono (chaneli moja) zinafutana. Igawe besi njia mbili: chini ya Hz 150 iwe mono bila korasi, juu yake weka korasi ya polepole.

Santuri45: Na kama mnawaza santuri, hilo ni la lazima. Besi ya stereo huifanya sindano ipande na kushuka hadi kuruka mfereji. Sahani ya inchi 12 kwa mizunguko 45 kwa dakika, msizidi kama dakika 12 kila upande, la sivyo mchongaji wa santuri atashusha sauti. Wimbo wenye "s" kali usiwe wa mwisho: karibu na katikati mfereji hupita taratibu chini ya sindano, na hizo "s" huanza kukwaruza.