AP Computer Science A au kozi ya chuo: binti yangu achukue ipi?

MamaZuhura: Habari zenu wanajamvi. Binti yangu anapenda sana kompyuta, na shule inataka wachague masomo ya mwakani kabla ya Ijumaa. Kuna AP Computer Science A (AP ni kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari huku Marekani), halafu kuna kozi ya chuo cha hapa mjini, ya utangulizi wa kuandika programu, ambayo anaruhusiwa kuisoma akiwa bado sekondari. Ipi ina faida zaidi? Naomba wenye uzoefu.

KigomaBoy: Dada, uko jimbo gani? Mtoto yuko darasa la ngapi? Ameshawahi kuandika programu? Bila hayo tutapiga ramli tu.

FundiJava: Jimbo lolote lile, achukue AP. Atasoma lugha ya programu ya Java mwaka mzima na mwalimu yuko mbele yake. Mtihani ni Mei, unachukua muda wa saa 3: maswali 42 ya kuchagua na 4 ya kuandika programu. Vyuo vingi vinatoa krediti, yaani kozi inahesabiwa chuoni, kwa alama 4 na 5 (5 ndiyo ya juu kabisa), vingine hata 3. Ila ajizoeze kuandika bila msaada, maana siku ya mtihani anachapa kwenye skrini ambayo haimwambii kwamba amesahau nuktamkato.

BiNyota: Kozi ya chuo mimi siitaki hata kuisikia. Mwanangu aliichukua kwa mtandao. Mhadhiri alikuwa akijibu barua pepe baada ya siku kadhaa, na kazi inafungwa Jumapili usiku. Laptopu aliyokuwa nayo ni Chromebook ya shule, imefungwa, hairuhusu kuweka programu yoyote. Ikabidi awe anashinda maktaba mpaka wanazima taa. Muhula ukaisha na C, mtoto ambaye hesabu zake ni A tupu. Na ile C ni alama ya chuo kabisa, kila atakapoomba nafasi itaonekana. Mtihani wa AP ukienda vibaya, si lazima upeleke matokeo.

MamaZuhura: Pole sana BiNyota. Tupo Columbus, Ohio. Yuko darasa la 10. Amecheza na Scratch, ile lugha ya watoto ya kupanga vipande, na lugha ya Python ameigusa kidogo. Hesabu anaziweza.

KigomaBoy: Ohio! Hapo mambo ni tofauti kabisa. Mko na College Credit Plus, mpango wa jimbo wa kusoma kozi za chuo ukiwa sekondari: akisoma kwenye chuo cha umma, mwanafunzi wa shule ya umma halipi karo wala vitabu. Akifeli, wilaya ya shule inaweza kuwadai gharama, isipokuwa familia za kipato cha chini. Upande wa AP, vyuo vya umma vya Ohio vinatoa krediti kuanzia alama 3. Kwa hiyo krediti ipo pande zote mbili. Cha kuuliza ni kama kozi ya chuo inafundishwa darasani au kwa mtandao.

Mwalimu_Tanga: Mbona hakuna aliyetaja AP Computer Science Principles? Kwa mtoto aliyetoka Scratch ndiyo daraja lenyewe. Asilimia 30 ya alama inatokana na programu anayoitengeneza mwenyewe, kwa lugha anayoitaka.

FundiJava: Mkuu, Principles ni kugusagusa: intaneti, data, faragha. Anayetaka kuwa mhandisi aanze na Java, aelewe klasi na ArrayList, yaani namna Java inavyopanga programu na kutunza orodha.

Mwalimu_Tanga: Java kwa anayeanza ni mateso. Kuchapisha neno moja tu unaandika mistari mitano! Python mstari mmoja. Hata CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, ya David Malan, inaanza na Scratch, inapita lugha ya C, kisha Python. Na ni bure, aijaribu kiangazi hiki.

FundiJava: Umejijibu. Wanapita C kwanza, na C si rahisi kuliko Java.

Akinyi_Nbo: Huku Kenya Computer Studies ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina karatasi ya 3 ambayo ni mradi mtupu. Mtoto anajenga mfumo tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo nalipenda kuliko mtihani wa saa 3.

KigomaBoy: Akinyi, ule mradi shule ngapi mtoto anaufanya mwenyewe?

Akinyi_Nbo: Kwetu mwalimu anasimama nyuma yako, huwezi kudanganya.

MamaZuhura: Asanteni. Nimepiga simu shuleni: AP ni ya darasani, ya chuo ni mtandao, na Principles ipo pia. Binti sasa ameng'ang'ania Principles kwa sababu marafiki zake wako huko. Na BiNyota amenitia wasiwasi, maana naye ana Chromebook ya shule. Laptopu gani ya bei nafuu inatosha Java?

FundiJava: Iliyotumika, RAM GB 8, inatosha kabisa.

Mwalimu_Tanga: GB 16, usikubali chini ya hapo.