Staji ya ng'ambo: Norwich, Kampala, ao nibaki Bukavu?

Mwana wa Katindo (Goma)
Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Nina diploma ya Leta (ya kumaliza sekondari) na nataka kusoma maendeleo ya kimataifa: misaada, madeni, kilimo, wakimbizi, mambo hayo. Mjomba wangu aliye Uingereza amenitumia habari za UEA, lisansi (shahada ya kwanza) yenye staji ya ng'ambo, yaani mafunzo ya kazini, ndani yake. Anasema atalipa minervali (ada ya chuo) ya mwaka wa kwanza, halafu Mungu atafungua. Upande mwingine kuna Makerere, na kuna ISDR Bukavu, chuo cha maendeleo ya vijijini, alikomaliza binamu yangu. Nipimieni. Kinachonivuta zaidi ni ile staji.

Binti Ibanda (Bukavu)
UEA gani, kadogo? Ile ya Panzi si unapanda taksi-moto tu?

Mwana wa Katindo
Haha, hapana dada. Si Université Evangélique ya Bukavu. Ni University of East Anglia, ya Norwich.

Mzee wa Himbi (Goma)
Mjomba wako ana moyo, ila mwombe apige hesabu mpaka mwisho. Mwanafunzi wa kutoka nje hulipa zaidi ya pauni elfu 15 kwa mwaka kule, chakula na nyumba bado. Diploma yetu peke yake mara nyingi haitoshi, wanadai mwaka wa matayarisho kwanza, nao unalipiwa. Kisha viza: pesa za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Benki za Goma zilifunga Januari 2025. Sisi tumekuwa tukivuka Gisenyi, Rwanda, kutoa hata dola mia, wewe utaonyesha karatasi ya benki gani? Labda akaunti iwe ya wazazi, mahali pengine.

Sasa hiyo staji inayokuvuta. Mwaka 2023 nilimtafsiria mwanafunzi mmoja wa Ulaya aliyeletwa hapa kwa staji ya namna hiyo. Tulikuwa kambi ya Bulengo, mvua imetoka kunyesha, tope jeusi la lava mpaka kwenye vifundo. Maswali yalikuwa ndani ya tableti, kwenye Kobo (programu ya kukusanya majibu), na huwezi kuruka swali. Tukafika kwa mama mmoja, kibanda chake ni hema la plastiki lililofungwa kwa kamba za mgomba. Swali la kumi na kitu: "Nyumba ina vyumba vingapi vya kulala?" Mama hakumtazama yule msichana, alinitazama mimi. Akasema, "Mwambie aingie ahesabu."

Nilitafsiri "kimoja".

Msichana mwenyewe alikuwa na adabu na bidii, maswali yaliandikwa na watu ambao hawakuwahi kufika. Ninachokuambia ni hiki: ukisoma Norwich utakuwa upande wa mwenye tableti, na si vibaya, labda utaandika swali lenye akili zaidi. Lakini uliza mapema nani anatafuta nafasi ya staji, chuo ao wewe. Mara nyingi mwanafunzi anajitafutia mwenyewe. Wenzako watavuka mipaka kwa pasipoti zao bila maneno, wewe utaanza viza upya kwa kila nchi.

Shangazi wa Kampala
Nimesoma Makerere miaka mitatu. Shahada ya maendeleo ipo na staji ipo. Kutoka Goma unapita Kigali na Gatuna kwa basi. Muhula wa kwanza Kiingereza kilinitoa jasho: mwalimu anasema, darasa linacheka, mimi nacheka nyuma yao kama mwangwi. Mwaka wa pili nilikuwa naandika ripoti za wengine kwa malipo. Kile Kiingereza ndicho kilinipa kazi, kuliko hata shahada.

Kijana wa Kenya (Lubumbashi)
Kenya, mtaa wa Lushi, si ya Nairobi, kabla hamjaniuliza ☺

Mbona wote mnaongea kama maendeleo ni kambi na misaada tu? USAID iliacha kazi Julai 2025, na hata huku kwetu nimesikia wangapi wa Goma walirudi nyumbani na vizibao vyao. Huku Katanga, kodi ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Kuna kamati, kuna mipango ya visima na shule, kuna ugomvi mkubwa wa nani anashika makuta. Nani anajua kusoma bajeti na pia kukaa chini ya mti na chifu? Wachache. Mimi nilifanya staji karibu na Fungurume, kwenye migodi, nilijifunza zaidi ya miaka miwili ya darasani. Na kama unataka ng'ambo kwa lazima, pita Kasumbalesa: Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kinafundisha maendeleo.

Mzee wa Himbi
Si kodi ya kulipa bwana mdogo, umeandika Kifaransa chako: *code minier*. Sheria ya migodi. Atafikiri ni ushuru.

Kijana wa Kenya
Ndiyo yaya, sheria. Vidole vilikimbia.

Binti Ibanda
Mimi ni wa ISDR, kwa hiyo nitasema ukweli wote. Staji yangu ya kwanza ilikuwa kwa shirika moja mjini: wiki sita nilipiga fotokopi na kununua maandazi ya mkutano. Ya pili nilijichagulia, ushirika wa kahawa upande wa Kalehe. Huko nilipima magunia, nikaona mkulima anakopa juu ya kahawa iliyo bado kwenye maua, nikaelewa deni ni kitu gani. Memwari yangu (andiko la kumaliza chuo) ilitoka pale. Chuo kilekile. Tofauti ilikuwa encadreur, mwalimu anayesimamia staji: wa kwanza hakuwahi kuja, wa pili alikuja mara tatu na viatu vikiwa na tope.

Niko Antwerpen kwa muda
Nilifanya lisansi Bukavu, nikafanya kazi miaka minne, ndipo nikaja kufanya masta ya maendeleo hapa Chuo Kikuu cha Antwerpen, kwa ufadhili wa VLIR-UOS wa Wabelgiji. Kwa Kifaransa kuna ufadhili wa ARES, nao wa Wabelgiji. Uingereza kuna Chevening, inadai miaka miwili ya kazi. Unaona? Ufadhili mwingi uko kwenye masta, na unamtafuta mtu aliyekwisha kufanya kazi. Kwenye lisansi pesa ni za mjomba.

Mwana wa Katindo
Asanteni wote. Nimemsomea mama majibu yenu akiwa anatwanga sombe. Akauliza, "Na hiyo staji ya Norwich, watakutuma wapi?" Nikamwambia pengine Afrika. Aliweka mchi chini, akacheka mpaka akakaa.

Jumatatu nashuka Bukavu na boti. Dada Ibanda, nitumie jina la yule encadreur wa viatu vyenye tope, kwa faragha. Mjomba nimemwambia aniwekee ile pesa ya masta. Bado hajajibu.